Potasiamu ya mama imeshuka baada ya sindano za B12: tuzisimamishe?

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Morogoro. Nimelifupisha kidogo tu.

"Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 62. Zaidi ya mwaka amekuwa mtu wa kuchoka, ulimi unamuwaka akila chochote chenye ndimu au pilipili, na nyayo zinakufa ganzi. Vifundo vya vidole vyake vimekuwa vyeusi, tukadhani ni sabuni ya kufulia. Zahanati walimtibu malaria, wakampa dawa ya minyoo, kisha vidonge vya kuongeza damu kwa miezi minne. Mwezi huu alianguka bafuni tukamkimbiza hospitali. Damu ilikuwa 4.6. Wakamwongezea chupa moja, wakasema amekosa vitamini B12 na kwamba tumbo lake haliwezi kuifyonza. Akaanza kuchomwa B12 kila siku. Siku ya pili alikaa kitandani akaomba uji, tukafurahi sana. Siku ya nne miguu ikalegea, vigimbi vinamkaza usiku, anasema moyo unaruka. Wakapima, potasiamu 2.8. Wamempa vidonge vya potasiamu. Baba mdogo anasema sindano ndiyo inayommaliza, tuisimamishe, turudi naye nyumbani tumpe ndizi na madafu. Anatumia pia dawa ya presha, ile ya kukojoza. Tufanye nini?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Sindano msisimamishe. Na mama asitoke wodini mpaka potasiamu ipande na moyo utulie. Nayaweka haya mawili mbele kwa sababu ukiishia hapa kusoma, angalau hayo yawe yamekufikia.

Baba yako mdogo hajakosea kuona kwamba sindano na potasiamu vinahusiana. Vinahusiana kweli. Ila potasiamu imeshuka kwa sababu dawa imefanya kazi, na imefanya kwa nguvu. Mkiisimamisha leo mtakuwa mmeukatisha mwili katikati ya kujijenga, na ugonjwa wenyewe, ambao zamani uliua karibu kila aliyeupata, utarudi palepale ulipokuwa.

Uboho wa mifupa ya mama, ambako damu hutengenezwa, umekaa mwaka mzima au zaidi bila B12. Chembe haiwezi kujigawa bila kwanza kunakili vinasaba vyake, na B12 ni miongoni mwa vitu vinavyohitajika katika kunakili huko. Ikikosekana, chembe changa zinakua, zinanenepa, lakini hazigawanyiki sawasawa. Nyingi hufa humohumo ndani ya uboho kabla hazijaingia kwenye damu. Kwa hiyo uboho wa mgonjwa huyu haukulala. Umejaa chembe changa zilizokwama. Ndiyo maana chembe nyekundu chache zinazofanikiwa kutoka huwa kubwa kuliko kawaida. Kwenye karatasi ya kipimo kikubwa cha damu tafuta herufi MCV: kawaida haizidi 100, na kwa ugonjwa huu mara nyingi huipita.

Fikiria wapishi wa shughuli waliokaa tangu alfajiri, sufuria ziko mekoni, moto umewaka, mchele haujafika. Mchele ukishushwa, wote wanakimbilia pipa moja la maji kwa wakati mmoja. B12 ndiyo mchele. Potasiamu ndiyo maji ya pipa.

Pipa lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Karibu asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili iko ndani ya chembe. Ile iliyo nje, kwenye damu na maji yanayozizunguka chembe, ambayo ndiyo moyo na misuli huitegemea dakika kwa dakika, kwa mtu mzima ni kama milimoli 60 tu. Lita moja ya chembe nyekundu ina potasiamu inayokaribia milimoli 100. Mama yako, kutoka damu 4.6 hadi 12 ya kawaida, anahitaji kutengeneza karibu lita nzima ya chembe nyekundu, na bado hujahesabu chembe nyeupe, chembe sahani na zile changa zinazofurika ndani ya uboho. Kazi hiyo huchukua majuma, haimaliziki kwa siku moja, lakini kasi yake huwa kubwa mwanzoni. Uboho huanza kubadilika ndani ya siku moja au mbili baada ya sindano ya kwanza. Kufikia siku ya tatu hadi ya tano chembe changa huanza kumiminika kwenye damu, na hufika kilele karibu na siku ya saba. Kwa hiyo mgonjwa aliyeomba uji siku ya pili na kulegea miguu siku ya nne amefuata njia hii hatua kwa hatua.

Na mama ana pipa lenye tundu. Hilo nitalirudia.

Kuna mgonjwa ambaye sijamsahau. Nilikuwa daktari mwanafunzi katika hospitali moja ya mkoa. Aliletwa mzee, fundi cherehani, damu iko chini ya 4, macho yana rangi ya manjano iliyopauka, ulimi laini umeng'aa kama umepigwa pasi. Mkuu wetu wa wodi aliutambua ugonjwa kwa kumtazama tu, akaagiza B12. Siku ya tatu mzee alikuwa anatutania, ananiambia koti langu limeshonwa vibaya begani, nikipata nafasi nimletee alirekebishe. Siku ya tano alfajiri aliinuka kwenda msalani, akaanguka mlangoni, hakuamka. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa potasiamu, kwa sababu hakuna aliyeipima. Mashine ilikuwepo, vitendanishi vilikuwa vimekwisha, na sisi hatukuona haja ya kupeleka sampuli kwingine kwa sababu mgonjwa alikuwa anapata nafuu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nafuu yake ndiyo iliyotulaza.

Baadaye nilisoma kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza walikuwa wameandika juu ya wagonjwa wa aina hiyohiyo: damu imeshuka sana, matibabu yameanza, kisha kifo cha ghafla katika siku za mwanzo, na potasiamu ikikutwa imeshuka. Madaktari bado hawajakubaliana kama kila anayeanza B12 apewe potasiamu. Wengine wanasema kushuka kwa kutisha si kwa wengi. Mimi nasema hivi: mgonjwa mwenye damu 9 anayekwenda kazini na kurudi, sina hofu naye. Mwenye damu 4.6, mwenye umri wa mama yako, anayemeza dawa ya kukojoza, lazima apimwe potasiamu kabla ya sindano ya kwanza na mara kwa mara wiki yote inayofuata. Hospitali yenu ilipima siku ya nne. Wamefanya vizuri, washukuruni.

Sasa tundu la pipa. Dawa za presha za kukojoza, kama haidroklorothiazidi na bendroflumethiazidi, hutoa chumvi na maji, na potasiamu hutoka pamoja navyo kwenye mkojo kila siku. Mtu mwenye afya hufidia kwa chakula. Mama yako, mwenye ulimi unaowaka na asiyekula vizuri kwa miezi, hakuwa na cha kufidia. Kisha akaongezewa damu. Kwa mtu ambaye damu imemshuka polepole kwa muda mrefu, moyo huwa umeshazoea kufanya kazi kwa shida, na chupa ya damu ikiingia haraka unaweza kuelemewa, mapafu yakajaa maji. Kwa hiyo mara nyingi chupa hiyo huambatana na sindano ya furosemidi, ambayo wengi mnaiita Lasix. Ni uamuzi sahihi, lakini nayo inatoa potasiamu. Waulize kama alipewa, na mara ngapi.

Muulizeni daktari wa wodi swali hili kwa maneno haya haya: "Dawa yake ya presha inashusha potasiamu. Je, tuisimamishe kwa sasa au ibadilishwe?" Msimwachishe wenyewe kimyakimya. Presha ina hatari zake, na kuna jambo la pili: baadhi ya dawa zinazoweza kuchukua nafasi yake, kama losartani, enalaprili na spironolaktoni, huzuia potasiamu isitoke. Mgonjwa akibadilishiwa kwenda kwenye hizo huku anaendelea kumeza vidonge vya potasiamu na hakuna anayepima, potasiamu inaweza kupanda kupita kiasi, na iliyopanda sana husimamisha moyo kama iliyoshuka. Kama mama anaharisha au anatapika, semeni pia, kwa maana huko nako potasiamu inapotea. Kama ana pumu na anavuta salbutamoli, semeni. Kama anatumia digoksini kwa ajili ya moyo, semeni leo hii, kwa sababu digoksini na potasiamu ya chini havikai pamoja kwa usalama.

Na kuna madini ya magnesiamu. Dawa za kukojoza huitoa pia, na ikiwa chini figo huendelea kumwaga potasiamu hata ukimpa mgonjwa vidonge vingapi. Ukiona siku tatu zimepita, vidonge anameza, namba haisogei, hapo ndipo pa kutazama.

Turudi kwenye ndizi na madafu. Ndizi mbivu ya wastani ina kama miligramu 420 za potasiamu, sawa na milimoli 10 au 11. Kidonge cha kawaida cha kloridi ya potasiamu cha miligramu 600 kina milimoli 8. Kwa hesabu hiyo baba mdogo angeweza kusema, "Si unaona, ndizi imekishinda kidonge!" Kwa namba ni kweli, na sitaki kuidharau ndizi. Lakini mgonjwa wa 2.8 mwenye moyo unaoruka anahitaji vidonge vingi kwa siku, juu ya chakula chake, kwa kipimo kinachojulikana, ili kesho daktari akiona namba ajue aongeze au apunguze. Mwambie mtu mwenye ulimi uliochubuka ale ndizi nane kwa siku, jioni utamkuta na ndizi mbili zimebaki mezani na nyingine imefichwa chini ya mto. Tena, aliyepoteza potasiamu kwa dawa za kukojoza amepoteza na kloridi pia, na bila kloridi mwili hauishiki potasiamu vizuri. Kidonge kina vyote viwili. Ndizi haina kloridi ya kutosha.

Chakula kinakuja kushika nafasi yake baadaye, na hapo ni muhimu kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku kutoka kwenye chakula. Maharage, viazi mviringo, viazi vitamu, ndizi za kupika, parachichi, mchicha, matembele, machungwa, maji ya dafu, vyote vinayo kwa wingi. Kosa kubwa ninaloliona majumbani ni la jikoni. Mchicha unachemshwa, maji ya kijani yanamwagwa, ndipo unakaangwa kwa kitunguu. Potasiamu huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu kubwa imeshakwenda karoni. Viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vidogo navyo ni hivyohivyo. Mpikieni mama mchicha kwa maji yake mwenyewe, au viazi viwe mchuzi ambao anaunywa. Kwa ulimi wake, msiweke pilipili wala ndimu kwa sasa. Ndizi mbivu iliyopondwa kwenye maziwa au uji ataimeza bila maumivu.

Lakini kabla ya haya yote nataka kujua kitu ambacho hukukiandika: figo zake. Kipimo kinaitwa kreatinini. Figo zikiwa zimechoka, potasiamu haitoki vizuri, na ndizi, madafu na vidonge vinakuwa hatari. Namba yake lazima ijulikane.

Vidonge vyenyewe vina adabu yake ya kumeza. Mama ameze akiwa amekaa wima, baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Kidonge kisipondwe wala kutafunwa. Asilale papo hapo. Kikikwama kooni kinachoma koo mpaka kutoa kidonda, na mgonjwa dhaifu anayemezeshwa kidonge akiwa amelala kwa funda moja la maji ndiye hupatwa na hayo. Kama anashindwa, iko ya maji ya kunywa, ombeni.

Na kama daktari ataamua kumpa kwa dripu, mtaona inakwenda polepole mpaka inachosha. Iacheni. Nimeona ndugu, kwa mapenzi tu, wakimwomba muuguzi aifungulie iishe mgonjwa apumzike, na nimemwona kijana mmoja akinyoosha mkono kuifungulia mwenyewe. Potasiamu ikiingia kwa kasi mshipani inausimamisha moyo. Mkono wa mama utamuuma kidogo pale inapoingia. Mwite muuguzi, msiguse gurudumu la dripu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni sampuli ya damu. Mkono ukifungwa mpira kwa nguvu na kwa muda mrefu, mgonjwa akaambiwa akunje na kukunjua ngumi mara nyingi, au damu ikavutwa kwa shida kupitia sindano nyembamba, au kichupa kikakaa masaa mengi kikisubiri mtu wa maabara, chembe hupasuka au huvuja, na potasiamu iliyokuwa ndani inamwagika kwenye sampuli. Kipimo kitasoma juu kuliko ukweli. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa 2.8 anaweza kusomeka 3.6, watu wakafurahi, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa hiyo kesho namba ikiruka ghafla ikawa nzuri na mama bado vigimbi vinamkaza, ombeni kipimo kirudiwe. Kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa waya kifuani, nacho kinasaidia, kwa sababu potasiamu ya chini huacha alama zake pale. Kama hakijafanyika, na mama anasema moyo unaruka, ombeni kifanyike leo.

Zipo dalili ambazo hazisubiri zamu ya asubuhi: kuzimia au kukaribia kuzimia, moyo kwenda ovyo bila mpangilio, pumzi kuwa fupi, miguu kulegea mpaka hawezi kuiinua kitandani, tumbo kujaa na kukaa kimya bila kutoa hata upepo. Hapo mwite muuguzi hata kama ni saa tisa ya usiku, na usione aibu kuita mara ya pili.

Sasa nirudi nyuma kidogo kwenye ugonjwa wenyewe, maana nyumbani mtakwenda nao. Mwingereza Thomas Addison aliuelezea mwaka 1849, na mwaka 1872 Anton Biermer wa Zürich akauita anemia pernisiosa, yaani upungufu wa damu unaoangamiza. Jina lilistahili. Hakukuwa na tiba mpaka mwaka 1926, George Minot na William Murphy wa Boston walipoonyesha kwamba wagonjwa 45 waliolishwa maini, gramu 120 hadi 240 kila siku, walipata nafuu kubwa. Wao na George Whipple walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Kilichokuwa ndani ya maini, vitamini B12 yenyewe, kilipatikana mwaka 1948. Leo kiko ndani ya kichupa kidogo chekundu kama juisi ya rozela.

Mama anaweza kuuliza kwa nini asile tu maini, mayai, dagaa na maziwa ambavyo vina B12 tele. Tumbo lenye afya hutoa protini ya kubebea B12, ambayo huisindikiza mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, ndiko inakofyonzwa. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, imezigeukia chembe za ukuta wa tumbo zinazotengeneza protini hiyo. Chakula kinaingia, B12 imo, msindikizaji hayupo. Na kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, mtu huanza kuugua akiwa ameshasahau tangu lini tumbo lilikufa. Kwa hiyo sindano hizi ni za maisha. Siku za mwanzo ni za karibu karibu, baadaye huwa kila mwezi au kila miezi miwili hadi mitatu, kutegemea aina ya dawa na kama mishipa ya fahamu imeguswa. Vidonge vya kipimo kikubwa, mikrogramu 1,000 kwa siku, vinaweza kutumika kwa baadhi ya watu baadaye, kwa sababu kama asilimia moja hupenya yenyewe bila msindikizaji. Kwa mama mwenye ganzi miguuni, mimi ningebaki na sindano kwanza.

Hakikisheni lakini kwamba kweli ni ugonjwa huu. B12 inaweza kushushwa pia na metformini ya kisukari, na omeprazoli iliyomezwa miaka, na kutokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama. Na si kila chembe kubwa ni ya B12: zidovudini, moja ya dawa za kupunguza makali ya VVU, huzikuza chembe nyekundu. Kuna kipimo cha kinga iliyoishambulia ile protini ya kubebea. Hakipatikani kila mahali, na kikitoka hasi hakiuondoi ugonjwa, lakini kikitoka chanya kimemaliza ubishi. Tuliwahi kufundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba upungufu wa B12 ndio uliokuwa sababu kuu ya anemia ya chembe kubwa kwa wagonjwa wa huko, na anemia pernisiosa ilikuwamo. Kwetu tunaukosa kwa sababu hatuutafuti. Vifundo vyeusi vya vidole vya mama havikuwa sabuni. Kwa ngozi yetu nyeusi hiyo ni alama ya B12 iliyopungua, na nikiiona pamoja na ulimi mwekundu laini na nyayo zenye ganzi, sihitaji kuambiwa mengi. Weusi huo hufifia taratibu B12 ikirudi.

Vile vidonge vya kuongeza damu vya miezi minne vinanisikitisha. Vina madini ya chuma na vitamini iitwayo foliki. Foliki ikitolewa peke yake kwa mtu aliyekosa B12 inaweza kuinyanyua damu kidogo, watu wakaridhika, huku mishipa ya fahamu na uti wa mgongo vinaendelea kuharibika. Simlaumu aliyevitoa, zahanati hutoa ilicho nacho. Lakini ganzi ya miguu ikiambatana na upungufu wa damu, foliki isitangulie B12. Sasa sindano zimeanza, foliki haina ubaya daktari akiona inahitajika. Na chuma pia kinaweza kuhitajika baadaye: damu ikipanda wiki mbili tatu kisha ikagota, mara nyingi chuma ndicho kilichokwisha. Matarajio yangu ni kupanda kama gramu moja kila wiki, na kufika kawaida ndani ya miezi miwili hivi.

Kuhusu kuanguka bafuni, muulize mama swali moja: alikuwa ananawa uso? Ningeweka dau kwamba ndiyo. Mishipa ya miguu inayoupa ubongo habari ya nyayo ziko wapi imeharibika, kwa hiyo mama amekuwa akisimama kwa msaada wa macho. Akifumba macho kwa ajili ya povu, hajui tena sakafu iko wapi. Mwekeeni kigoda cha plastiki aogee amekaa, taa ya korido iwake usiku, na malapa yanayoteleza yaondolewe. Ganzi hupungua polepole kwa miezi, na ile iliyokaa muda mrefu inaweza isiishe yote. Huko ndiko kila wiki ya kuchelewesha sindano inakolipiwa.

Akishatulia, apimwe tezi ya shingo, kwa sababu magonjwa haya ya kinga kujigeuka hupenda kuandamana, na tumbo lake liangaliwe kwa kamera, kwa kuwa ugonjwa huu huongeza uwezekano wa saratani ya tumbo. Si haraka ya wiki hii. Kama wewe au ndugu zako mna uchovu wa namna hii au ganzi, nanyi mpimwe.

Wiki hii kazi ni moja: sindano ziendelee, potasiamu ipimwe kesho na kila siku mpaka ivuke 3.5 na kubaki hapo, kisha irudiwe hadi siku ya kumi hivi tangu sindano ya kwanza, maana uboho utakuwa bado unachota. Ukiniandikia tena, nitajie jina la dawa ya presha kama lilivyoandikwa kwenye boksi, namba ya kreatinini, na kama anapata mkojo wa kawaida. Na baba mdogo naye asogee karibu wakati wa mzunguko wa madaktari, aulize mwenyewe, ajibiwe mwenyewe.